Ufunguo wa Sanduku la Bibi Mwenye Nyumba

Ufunguo mmoja wa sanduku la posta ulinigharimu shilingi ishirini na tano na senti hamsini. Nimehesabu, nikarudia kuhesabu, hazipungui. Na ningeweza kuukomboa kwa moja na nusu.

Tulikuwa matangani Rahaleo, kwenye nyumba niliyopanga, tukimlilia Myao mwenzangu wa chumba cha pili. Msiba wa Myao haukosi watani wake Wangoni, waje kutuvuruga kwa vituko. Mmoja wao, kuli wa bandarini, akanivua ufunguo shingoni. Ulikuwa huo huo mmoja kwa wapangaji wote, na wiki ile zamu ya kuutunza ilikuwa yangu.

"Ukomboe, mtumwa wangu! Shilingi mbili."

"Senti hamsini."

"Moja na nusu, nakuhurumia hiyo sura ya njaa."

"Hamsini."

Akaenda uani, akautumbukiza chooni. Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Mtani hakasirikiwi, wala hadaiwi.

Kicheko kilinikauka Jumatano. Rafiki yangu, tuliyeomba naye ukarani wa ghala la korosho, alinionyesha barua yake: intavyu Jumamosi. Yangu bila shaka ilikuwa imelala sandukuni. Nikakimbia posta, nikamsihi karani aichomoe kwa nyuma.

"Ndugu, tunabadilisha kufuli. Shilingi kumi na tano. Na mwenye sanduku aje mwenyewe."

"Kumi?"

"Hapa si sokoni."

Mwenye sanduku ni bibi mwenye nyumba, naye msimu ule alikuwa shambani kwake Mahurunga. Alhamisi alfajiri nikapanda lori kwa shilingi tatu, na kilo ya sukari ya moja na nusu mkononi. Nikamkuta ameinama chini ya mikorosho.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeleta kodi?"

"Nimeleta shida."

Nikamweleza yote, pamoja na choo. Alicheka mpaka akashika mti, ila hakuacha kazi. "Korosho zimeanguka. Zikilala hapa, wezi watamshukuru nani, mimi au wewe?"

"Bibi, intavyu keshokutwa!"

"Basi okota upesi."

Nikawa nakonyoa korosho kwenye mabibo, kiuno kinawaka moto. Kila lori likinguruma barabarani nainuka, naye, bila kutazama, "Hilo laenda mtoni. Okota." Nikajaribu kupatana: debe moja, tuondoke. Akasema matatu. Nikasema moja na nusu.

"Kwani mimi mtani wako?"

Yakawa matatu, na jua limekwisha kuzama.

Ijumaa tukarudi mjini. Nauli nikalipa ya watu wawili, maana bibi halipii shida isiyo yake. Pale posta yeye akaweka dole gumba, mimi nikaweka kumi na tano. Kufuli likabadilishwa, na barua ilikuwemo. Naitwa kesho saa mbili asubuhi, nije na picha mbili ndogo. Asiye na picha asijisumbue kuja.

Nikajipapasa: senti themanini. Nikajipapasa tena: themanini. Mpiga picha hakopeshi, na alikuwa karibu kufunga. Bibi alikwisha kuzifunga funguo mpya, zote mbili, kwenye pindo la kanga, anatafuta kivuli cha kukaa.

"Bibi," nikamwambia, "kufuli ni la sanduku lako, na sanduku ni la nyumba yako. Nirudishie walau shilingi sita za picha, sasa hivi. Zilizobaki tutazungumza siku ya kodi."