Masahihisho Kuhusu Binti wa Gauni Jekundu

Juzi ofisini chaja ya simu ya mwenzangu ilipata moto, na harufu ya plastiki inayokaribia kuyeyuka ikaenea chumba kizima. Wenzangu walikimbilia swichi. Mimi nilibaki nimekaa, nikiinusa kama mtu anayenusa pilau ya jirani. Kwa miaka miwili ya utoto wangu harufu hiyo ilikuwa na maana moja tu: adapta ya Bi Mwajuma imechoka, na binti wa gauni jekundu yuko mbali na kijiji chake.

Nitawasimulia kwa utaratibu, maana niliwahi kutakiwa kukiri mbele ya shule nzima kwamba jambo hili ni uongo.

Bi Mwajuma alikuwa jirani yetu Mji Mpya, Morogoro. Tangu usichana wake alifanya kazi kiwanda cha nguo. Kiwanda kilipouzwa kwa mtu binafsi, wafanyakazi wengi wakapunguzwa, naye akiwemo. Wenzake walichukua viinua mgongo vyao wakanunua marobota ya mitumba, au wakafungua magenge ya nyanya na vitunguu. Yeye alinunua televisheni na mashine ya gemu kutoka kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akileta vitu toka Dubai. Ndugu zake waliona amechanganyikiwa. Mama yangu peke yake hakucheka. Alisema mtu aliyevumilia kelele za mashine za kufuma miaka yote ile ana haki ya kujichagulia kelele yake mwenyewe.

Sebule yake ikawa kibanda cha gemu. Mlangoni alitundika pazia la kitenge, sakafuni akatandika mkeka. Masharti yake yalikuwa mengi, lakini aliyoyasimamia kwa dhati ni mawili: hakuna kula muwa ndani, na hakuna kuingia bila kumwamkia. Hata kama kwenye televisheni nyumba zinaungua, utasimama mlangoni useme shikamoo kwanza, usubiri marahaba, ndipo uulize nani amekufa.

Kaseti za gemu zilikuwa tano. Nne zilikuwa za kupiga risasi na kuruka mashimo, na hizo ndizo zilizogombewa. Ya tano ilikuwa na maandishi ambayo sisi tuliyaita ya Kichina. Miaka mingi baadaye nilijua ni ya Kijapani. Hakuna aliyeitaka, maana haikuwa na bunduki, na mtu wake alitembea polepole kama anayepeleka uji kwa mgonjwa. Mimi niliipenda siku ya kwanza.

Gemu ile ilianzia kijijini. Kulikuwa na nyumba sita na kisima, na hakukuwa na mtu hata mmoja isipokuwa binti mdogo aliyevaa gauni jekundu. Unaingia nyumba moja baada ya nyingine, unakuta vyungu bado vipo mekoni. Ndipo binti anaondoka, mji hadi mji, akitafuta watu wa kwao. Kilichonishika zaidi ni muziki. Kijiji kile kilikuwa na wimbo wake, wa sauti nyembamba kama filimbi, unaopanda ngazi tatu, unasita, halafu unashuka kama umeghairi. Ukiusikia mara moja unaondoka nao.

Na sisi hatukuusikia mara moja. Gemu ilitengenezwa ili ikumbuke mahali ulipoishia, lakini betri ndogo ndani ya kaseti ilikuwa imekufa kabla haijafika Morogoro, na miaka ile ilikuwa ya mgao wa umeme. Kila umeme ulipokatika, binti alirudi kijijini, kisimani, na safari ikaanza upya. Nilikijua kile kijiji kuliko nilivyoijua Mlali alikokuwa akiishi bibi yangu.

Katika kila mji alitokea mtu wa kofia ya kijivu. Hakupigana na binti wala hakusema naye. Alisimama mbali, akamtazama, akaondoka. Kila alipotokea, ule wimbo wa kijiji ulipigwa taratibu, nota mojamoja, kama mtu anayejaribu kuukumbuka.

Jumamosi moja umeme ulivumilia hadi alasiri, tukafika mbali kuliko siku zote. Binti alikuwa anavuka daraja la kamba, kamba zikakatika, akabaki ananing'inia. Mtu wa kofia alitokea akakimbia, akamshika mkono, akamvuta juu, kisha yeye mwenyewe akaanguka. Wimbo ukaanza kupigwa, taratibu kuliko tulivyowahi kuusikia. Kabla haujaisha, umeme ukakatika.

Hakuna aliyenyanyuka. Bi Mwajuma alikuwa akichambua mchele kwenye ungo, na mikono yake ilikuwa imesimama.

"Huyo ni baba yake," alisema.

Mmoja wetu akamuuliza amejuaje.

"Wimbo wa kwenu hauwezi kukaa kwa mtu baki," alijibu, akaendelea na mchele wake.

 Mimi nililiandika neno lile kwenye daftari langu jioni ileile.

Naomba msishangae habari ya daftari. Nilikuwa darasa la sita na mhariri wa gazeti la ukutani la shule yetu. Gazeti lenyewe lilikuwa ubao uliotundikwa kwenye ukumbi wa nje, ambapo kila wiki nilibandika karatasi zilizoandikwa kwa mkono. Kabla yangu kulikuwa na habari za kuchemsha maji ya kunywa, matangazo ya Mwalimu Mkuu, na mashairi ya kusifu jembe yaliyoandikwa na watoto waliolichukia jembe. Mimi nilianzisha safu niliyoiita "Nimeona, Nenda Ukaone." Nilikuwa nimeshapendekeza mahali pa kuutazama mto ukiteremka toka milimani siku za mvua, na fundi baiskeli aliyejua kupiga gitaa. Wiki ile nikapendekeza gemu. Nakala ninayo hadi leo:

"Gemu ya Binti wa Gauni Jekundu haina bunduki ila ina hadithi. Binti anawatafuta watu wa kwao. Yule mtu wa kofia ni baba yake, ingawa binti hajui. Ukitaka kujua kwamba ni baba yake usitazame, sikiliza. Muziki wake utatoka nao hadi nyumbani. Nenda Jumamosi asubuhi kabla ya mgao. Mwamkie mwenye nyumba."

Chini yake niliandika wimbo wenyewe kwa nota za do, re, mi, ili hata asiyeweza kwenda aupate. Nota nilifundishwa na Mwalimu Kobelo, mwalimu wetu wa Kiswahili na wa kwaya. Huyu alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi na mstari mmoja mnyoofu kwenye mkono. Yeye mwenyewe alitunga nyimbo, na zamani, walipokuwa wakija wageni wa serikali, nyimbo zake ziliimbwa hadi wageni wakatoa leso. Siku zile wageni walikuwa wamepungua.

Wimbo wa kijiji uliingia shuleni kama upupu. Siku ya nne darasa la tano waliuimba kwenye mchakamchaka wakiwa wameutilia maneno ya kuomba uji uwe na sukari. Mwalimu Kobelo alisimama kando ya uwanja akisikiliza, kichwa amekiinamisha. Baadaye aliuliza ni wimbo wa wapi. Akaonyeshwa ubao.

Niliitwa ofisini. Karatasi yangu ilikuwa mezani kwake, imebanduliwa kwa uangalifu bila kuchanika.

"Hayo maandishi ya kwenye gemu unajua kuyasoma?" aliniuliza.

"Hapana, Mwalimu."

"Mwisho wa hadithi umeuona?"

"Hapana, Mwalimu. Umeme ulikatika."

Mwalimu mwingine aliyekuwa anasahihisha madaftari nyuma yetu alikohoa kikohozi kisicho cha kweli.

"Sasa umejuaje kwamba huyu ni baba yake?"

Nilimweleza habari ya wimbo. Akaniambia niimbe. Niliimba kwanza upesi, wa kijijini, kisha taratibu, wa mtu wa kofia. Alinisimamisha katikati.

"Hapa umeandika fa. Unachoimba si fa, kimepanda nusu. Rudia."

Nikarudia. Akachukua kalamu akairekebisha nota ile kwenye karatasi yangu, kwa mwandiko wake mzuri. Wasomaji wangu, kwa dakika moja nilidhani nimeshinda.

Kisha akaweka kalamu chini. Akasema nimewaambia watoto mia kadhaa jambo nisilolijua, na huko ni kudanganya. Akasema gemu ni uhuni ulioingia nchini pamoja na takataka nyingine, na shule haitautangaza. Jumatatu, paredi, nitasoma karatasi yenye maneno haya: makala ilikuwa ya uongo, gemu ni uhuni, naomba radhi. Nikikataa, gazeti litafungwa.

Nilimwambia naweza kusema kwamba sijui kusoma maandishi yale, na kwamba mwisho sijauona, kwa sababu hayo ni kweli. Nikasema la uhuni sitalisema. Aliniangalia kama mtu anayetazama nazi iliyoanguka juu badala ya chini, akaagiza mzazi wangu aitwe.

Mama alikuja kesho yake akitokea sokoni, na tenga lake la magimbi ya Mlali akalitua mlangoni. Alisikiliza yote akiwa amesimama, ingawa alipewa kiti. Alipomaliza kusikiliza, akauliza kwa lafudhi yake ya Kiluguru, ambayo mbele ya walimu ilizidi kidogo:

"Mwalimu, mtoto kaandika uongo, au kaandika usichokipenda?"

"Yote mawili, mama."

"Basi la uongo mchape. Hilo la pili si lake, ni lako."

Akajitwisha tenga akaondoka. Njiani hakuniambia nifanye nini. Jumapili, akinisuka, aliniuliza kama nitaweza kusoma kwa sauti mpaka walio nyuma wasikie. Nikasema nitaweza. Akavuta msuko wa mwisho kwa nguvu, na hayo ndiyo yalikuwa mashauri yake.

Jumatatu niliitwa mbele. Karatasi ya Mwalimu Kobelo nilipewa mkononi, nikaikunja. Nikapaza sauti mpaka walio nyuma wasikie.

"Sijui kusoma maandishi ya gemu," nilisema. "Mwisho wake sijauona. Lakini hadithi ni nzuri na muziki wake ni mzuri. Nilipendekeza, na bado napendekeza."

Nilichapwa viboko vinne palepale. Sikulia hadi nilipofika chooni, na huko nililia vizuri. Ubao wa gazeti uling'olewa kabla ya saa nne, na wiki iliyofuata niliuona umekuwa mlango wa banda la kuku wa mradi wa shule, misumari yangu ya kubandikia ikiwa bado imo. Ndipo nilipojua nimepoteza nini. Viboko havikuniuma kama mlango ule. Kila siku nilipita pale nikiwa na habari na sina pa kuziweka.

Jumamosi iliyofuata kibanda cha Bi Mwajuma kilijaa mpaka watu wakachungulia dirishani, na wote waliitaka ile kaseti ya tano. Hatukufika darajani tena. Mwezi ule umeme ulirudi siku moja kwa nguvu nyingi mno, adapta ikatoa moshi na mashine ikafa. Bi Mwajuma aliuza televisheni akanunua cherehani. Hakuwahi kuniambia nilikosea kuandika, wala kwamba nilifanya vizuri. Alinishonea sketi ya shule bila kuniomba hata uzi.

Nimekuwa mwandishi wa habari kwa miaka mingi sasa. Mwaka huu mpwa wangu anayesoma mambo ya kompyuta aliniambia kwamba gemu za zamani zinapatikana, na wapo watu wanaojitolea kuzitafsiri kwa Kiingereza. Nilimwimbia wimbo, nikamweleza gauni na kofia. Baada ya siku tatu akaipata. Jumapili baada ya chakula cha mchana niliketi sebuleni kwake Kihonda, nikaanzia kisimani kama kawaida. Safari hii nilisoma. Nikafika darajani. Wimbo ulipigwa mpaka mwisho, na hadithi ikaendelea.

Hakuwa baba yake. Mtu wa kofia ndiye aliyewaongoza askari waliowachukua watu wa kijiji kile. Siku hiyo wanawake walikuwa kisimani wanaimba, na tangu hapo wimbo wao haukumtoka kichwani. Alimfuata binti mji hadi mji akitaka kumwambia, asiweze. Mpwa wangu aliniuliza kwa nini nalia kwa sababu ya kigemu cha zamani. Nilimwambia nimekuta kosa kwenye makala yangu.

Kwa hiyo Mwalimu Kobelo aliuliza swali zuri. Umejuaje? Nimewauliza swali hilo mawaziri na makarani, na kila ninapoliuliza nasikia sauti yake. Sasa naelewa pia kwamba alikuwa mtu aliyetunga nyimbo maisha yake yote, akasimama kando ya uwanja kusikia watoto wake wakiimba wimbo uliotoka kwenye sanduku la Dubai. Nilikuwa mtoto, sikuliona hilo, nami namhurumia. Lakini swali lake lilikuwa zuri na amri yake ilikuwa mbaya. Nilipokuwa na miaka kumi na mbili nilidhani kinywa kimoja hakiwezi kutoa vyote viwili, ndiyo maana sikusikia chochote isipokuwa amri. Leo navisikia vyote, na amri bado naikataa.

Ubao wangu haupo. Nayaandika hapa masahihisho niliyotakiwa kuyatoa, kwa namna ambayo yangepaswa kutolewa:

Katika gazeti la ukutani la shule yetu niliandika kwamba mtu wa kofia ya kijivu ni baba yake binti wa gauni jekundu. Si kweli. Habari hiyo niliipata kwa mtu mmoja tu na sikuithibitisha. Mtu baki anaweza kuwa na wimbo wa kwenu, na kosa hilo ni langu. Mengine yote yanabaki kama nilivyoyaandika.