Mukanda au Arbre

Kinyozi akiwasha mashine yake, ule mlio mwembamba unaopanda na kushuka, hadi leo huwa natazama chini miguuni, kana kwamba kuna kitu kitapita. Chanzo ni gari moja dogo la kuchezea, linaloendeshwa kwa redio, lililoingia kwetu Bulengera, Butembo, nikiwa msichana wa shule ya msingi. Lilikuja na baba mudogo Kasereka, ambaye sikumwamini hata kidogo.

Baba mudogo alikuwa akiuza vitenge Beni. Mwaka huo alifunga duka akaja kuishi nasi, bila mtu kunieleza sababu, na mimi nisipoelezwa jambo hujieleza mwenyewe. Nilijua tu kwamba mwanawe Muhindo, aliyekuwa rika langu, alikufa kwa ajali ya pikipiki kwenye barabara ya Mbau, na kwamba kwetu hakuna aliyethubutu kutaja jina lake. Siku aliyofika, baba mudogo aliniwekea kartoni mapajani.

"Mama, hii ni yako," akaniambia, maana ndivyo wazee wa kwetu wanavyowaita wasichana.

Ndani mlikuwa na gari la mashindano, lote vipande vipande, la kujiundia mwenyewe.

Sasa nisikilizeni. Kartoni ile ilikuwa na utepe juu ya utepe. Mtu alikwisha kuifungua, akaifunga tena. Na nani hukupa zawadi kubwa namna ile wakati hata Noeli haijakaribia? Nilinusa plastiki, nikanusa mpira mpya wa magurudumu, nikitafuta humo harufu ya uongo.

Gari liliweza kuundwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni mikanda ya mpira yenye meno, inayopeleka nguvu ya mota kwenye magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ya pili ni arbre, chuma kirefu kinachozunguka katikati, kama kile unachokiona chini ya lori. Ukichagua moja, vipande vya nyingine vinabaki mfukoni. Mimi niliipenda mikanda palepale. Ilikuwa myepesi, ikiteleza kidoleni bila kelele.

"Hapana, mama," akasema baba mudogo. "Tia arbre. Mukanda, vumbi itaukula."

"Lakini tuko na simenti ya depo!"

Depo ya kahawa ya jirani ilikuwa na sakafu pana, nyororo kama sahani, na Jumapili baada ya ibada ilikuwa yetu watoto.

"Arbre," akarudia, akatoka nje.

Basi nikaona wazi. Gari la kustahimili vumbi ni la kwenda mbali. Atalijenga kwa mikono yangu, halafu atarudi nalo Beni kumpa mtoto wa watu. Nikaanza kuilinda kartoni. Kila nilipotoka shule niliukagua utepe, na siku moja nikakuta umebanduliwa. Baba mudogo alikuwa ameketi jikoni, ile arbre ikizunguka vidoleni mwake, midomo ikimcheza kama mtu anayebishana.

"Munatafutia nani gari ya vumbi?" nikamrukia. "Hii kartoni mulishaifungua mbele ya kuja!"

Mama alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Mchi ukasimama hewani.

"Kahindo! Ni vile unasemesha baba yako?"

"Muache," baba mudogo akasema. "Anasema kweli." Hakunitazama, alikitazama kile chuma. "Ilikuwa ya Muhindo. Tuliifungua naye. Ye alitaka arbre, mi nikakatala, nikasema mukanda. Tukabishana mupaka nikaweka kartoni juu ya kabati. Nikamuambia, siku utakubali, tutaijenga."

Ningependa kuwaambia kwamba nililia. Wapi! Nilijiambia kwamba mzee huyu amepata njia ya kushinda, maana nani atabishana na marehemu? Nikakubali huku nimevuta mdomo, nikaendelea kuichunga mikono yake.

Tukatia arbre. Pale depo gari lililia kwa sauti nyembamba, na kila nilipoongeza mwendo lilijiinamisha upande mmoja, kama mtu aliyebeba ndoo. Nikamwambia mikanda isingefanya hivyo. Alichukua rimoti, akaliendesha mpaka betri ikaisha, kisha akaketi kwenye simenti na suruali yake ya kanisani.

Aliporudi Beni aliondoka mikono mitupu. Gari likabaki kwangu, na mimi nikabaki nikijiuliza lipi nililokosa kuliona.

Leo nina binti, mbishi kuliko mimi. Ni kwa ajili yake nimeelewa jinsi mtu anavyoweza kubeba kartoni kutoka Beni hadi Butembo ili tu ashindwe ubishi na mwanawe. Tulipokwenda kumsalimia baba mudogo, sasa mvi tupu, nilimuuliza polepole kama kweli arbre ilikuwa bora.

Akanitazama kama mteja asiyejua kitenge.

"Hapana. Mukanda ndo muzuri. Hata leo," akasema. "Nilimuambia."