Damu ya Kasuku wa Bi Rahila

Miaka kumi na miwili Mahfoudh alitoa damu za ndege wa watu katika kliniki ya wanyama mtaa wa Darsait, wala hakufiwa na hata mmoja. Hupima uzito kwanza, akauandika daftarini, ndipo akagusa sindano. Huchoma mshipa wa kulia wa shingo, kwa kuwa ndio mnene. Na kifua hakibanwi kamwe. Ndege hupumua kwa kukitanua. Ukikikaza, hufa bila ya jeraha.

Mwaka 1999 Bi Rahila alikuja kutoka Bustan na kasuku aliyekuwa akijinyonyoa manyoya. Ndege huyo alilelewa na marehemu mumewe bibi, na sauti ya marehemu ilikuwa imebaki kwake tu.

"Rahila! Chai imepoa!" kasuku alifoka juu ya mizani.

"Msikie huyo!" Bi Rahila akacheka, machozi yakimlenga. "Miaka minne yumo kaburini, bado aniagiza chai."

Gramu mia nne na kumi. Mahfoudh akatandaza taulo.

"Lete nimshike mwenyewe. Wewe hakujui, atakung'ata."

"Bibi, kumshika ndege kuna namna yake."

"Mie nafuga kasuku toka wewe umo mgongoni kwa mamaako, baba!"

Daktari Nasr, mwenye kliniki, alikuwa mtoto wa kakaake Bi Rahila. Akamkonyeza Mahfoudh amwachie.

Sindano ilipoingia, vidole vya bibi vilikaza. Mahfoudh alivuta nusu mililita tu.

"Legeza, bibi. Kifua, bibi."

Hakusikia, alikuwa akimsomea Ayatul Kursi. Mdomo wa ndege ulikuwa umeachama. Mikono ya Mahfoudh ilikuwa shubiri moja tu na mikono ile, lakini maishani mwake hakuwahi kumgusa mwanamke asiye mkewe wala maharimu wake. Akasema tena, kwa adabu ile ile. Alipopata moyo wa kuvibandua vile vidole, shingo ilikwisha kulegea.

"Umemnyonya damu yote!" Bi Rahila alipiga ukelele. "Umeniulia mume wangu mara ya pili!"

Mahfoudh akamtazama Nasr, aliyeona kila kitu.

"Mtake radhi shangazi," Nasr akasema.

Akamtaka radhi. Wiki ile ile akaambiwa asirudi kazini.

Kabla hajaondoka, majibu ya maabara yalifika: damu safi, ndege hana maradhi. Aliyanakili daftarini chini ya uzito. Mbele ya sababu ya kifo aliandika "mikono", akasita. Hakujua aongeze ya nani.