Ukuta Wetu wa Katikati

Nyumba yetu ni nusu. Nusu ya pili ni ya mama jirani, na katikati kuna ukuta mmoja ambao ni wa wote. Kiwanja ambacho yeye na mama yangu walikinunua pamoja, huku njia ya kwenda Butiama, ni chembamba. Fundi alikiangalia akacheka.

"Kila mtu akijenga yake mtabakiza kichochoro cha kupita kuku," alisema. "Jengeni moja, mgawane ukuta."

Wakakubali. Lakini kazi ilikuwa kukubaliana kila siku. Mama anauza dagaa. Anazichukulia soko la Mwigobero, zikiadimika anazifuata mpaka ziwani Bukima, halafu anazipeleka Bunda, na huko Bukima simu yake inashika mtandao ikijisikia. Kwa hiyo mjumbe nikawa mimi. Nikitoka shule napita kiwanjani, namsikiliza fundi anataka nini, napeleka kwa mama jirani pale alipopanga chumba, na jibu nampa mama akirudi.

Mimi si mtu wa kuongea. Shuleni naweza kumaliza wiki nzima sijasema kitu zaidi ya "nipo" wakati wa kuita majina. Nyumbani tuko wawili, na mama akilala Bukima nabaki peke yangu. Napikaga ugali mdogo kama wa mgonjwa, nakula nimesimama. Ndiyo maana ule ujumbe niliupenda. Ulinipa kitu cha kumwambia mtu.

Fundi alikuwa ananitania. "Mjumbe kafika! Leo umebeba maneno mangapi? Matatu?"

"Manne," nilimjibu siku moja. Akacheka mpaka pimamaji likamponyoka. Jioni niliandika kwenye daftari langu kwamba nimemchekesha mtu.

Mama jirani ana watoto watatu wadogo. Wanapigana, wanapatana, wanaimba nyimbo za kwaya huku wamebadilisha maneno. Kwenye mchoro wa fundi chumba chao kilikuwa kimeegemea ukuta wa katikati. Upande wetu hapo palikuwa sebule, na chumba changu kilikuwa mwisho kabisa, dirisha linatazama mihogo ya watu.

Niliwaza siku kadhaa. Halafu nikafanya jambo ambalo mpaka leo hakuna anayelijua. Nilimwambia mama jirani, "Mama anauliza kama chumba changu kinaweza kuhamia huku ukutani." Mama hakuwa ameuliza chochote.

"Kinaweza. Ila kwa nini huku?"

Jibu la kweli lilikuwa kwamba nataka niwe nawasikia watoto wako. Nani anasema hivyo? Nikasema, "Ili nisome vizuri." Sababu ya kusoma haikataliwi na mtu mzima yeyote.

Mama naye nikamwambia kwamba wazo ni la mama jirani. Alikuwa ameloweka miguu kwenye beseni, macho yanafunga. "Kama amesema yeye, sawa tu."

Nililala nikiwa na furaha. Kesho yake nikakuta vigingi vya kupimia vyumba vya upande wa pili navyo vimehama.

"Mama jirani kapita asubuhi," fundi akaniambia. "Kasema watoto wake wana kelele, hutasoma. Wanakwenda kule mwisho. Hapa anaweka stoo ya mahindi. Na huu ukuta tofali tuzilaze, tusizisimamishe, uwe mnene." Akanitazama. "Una bahati wewe. Wenzako wanagombaniaga mpaka maji ya bati."

Nikavitazama vile vigingi.

"Kesho nachimba msingi. Kama kuna neno la mwisho, lilete leo."

Nikaenda. Njia nzima nilikuwa nalirudia: watoto wako hawanisumbui. Nilimkuta anachagua mchele kwenye ungo, watoto wanagombania kigoda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Fundi kakwambia?" Hakusubiri nijibu. "Hawa nimewafukuza kule! Mimi darasa la saba nilifelishwa na kelele za nyumbani, tulikuwaga kumi na mmoja. Nasoma, huyu analia, huyu ananivuta daftari. Wewe hutapata hayo. Haya, kuna neno gani?"

Uso wake ulikuwa umefurahi sana. Neno langu lilikuwa pale pale mdomoni. Mdogo wao akanivuta sketi, anataka niamue kigoda ni cha nani.

"Hakuna neno," nilisema. "Mama anakusalimia tu."

Akanipa kiazi. Nilikula nimekaa, nikala polepole ili nisiondoke mapema.

Msingi ukachimbwa. Ukuta ukapanda, tofali zimelazwa, mnene kama wa zahanati. Nilipita kila siku, na fundi akaacha kuniuliza nimebeba maneno mangapi, maana maswali yalikuwa yameisha.

Wiki tuliyohamia, mama jirani alikuja mbio mchana, mikono imejaa pumba. "Ingia chumbani kwako, funga mlango. Nataka tupime kitu."

Nikaingia. Nikakaa kitandani. Baada ya muda akarudi anahema.

"Umesikia?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

Akapiga makofi. "Unaona! Na mimi nimepiga kelele mule stoo mpaka koo linauma!"

"Ulikuwa unasemaje?" Sikuwahi kumuuliza swali la kwangu mwenyewe kabla ya hapo.

"Si nilikuwa nakuita wewe," alisema, na akatoka kwenda kuwatengenezea watoto wake kitanda, kule mwisho.

Mama alikuwa Bukima, anarudi kesho kutwa. Nikafungua kitabu cha baiolojia nikaanza kusoma.