Ng'ombe wa Baba Kule Mwello

Katika kumbukumbu zangu, Mwello imejaa ukungu siku zote, ingawa najua tulikuwa tukienda kule mchana. Mwamba wa Tororo unaelea kwa mbali, na mbele yake amesimama ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Baba alimpeleka kwa rafiki yake amtunzie, kama wanavyofanya watu wa kwetu: maziwa ni ya mtunzaji, ng'ombe ni wako, na urafiki unapata sababu ya kutembeleana. Baba alipofariki, mama akasema nikimaliza chuo tutamrudisha ng'ombe huyo nyumbani kwetu Masinya, awe mwanzo wa maisha yangu.

Kila likizo tulikwenda kumwona. Rafiki wa baba, niliyemwita baba mdogo, alituwekea viti uani, na ng'ombe alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba. Wakubwa wakizungumza, mimi nilimkumbatia shingo na kumnong'oneza mambo yangu: mitihani, usingizi uliokataa kuja, hofu kwamba nitaisahau sauti ya baba. Aliyasikiliza yote huku akicheua.

Likizo moja niliona baka lake ni refu kuliko nilivyolikumbuka. Lakini mimi ni mtu wa kufunga mlango, kisha kurudi kuangalia kama kweli nimeufunga. Ningeliaminije jicho langu kuliko neno la baba mdogo? Labda baka hukua na ng'ombe. Labda ni mimi niliyesahau.

Mwaka huu nilihitimu. Tukaenda na kamba mpya.

"Karibu, profesa!" baba mdogo alicheka. "Sasa ng'ombe utamwongelesha Kiingereza?"

"Huyo anajua Kisamia tu, shemeji," mama alisema. "Leo anarudi nyumbani."

"Leo hii? Na mimba ile? Ngojeni azae, mchukue wawili."

"Tutamtembeza polepole."

"Basi chai kwanza."

Tukanywa chai, akaongeza nyingine, akasimulia habari za baba tulizokuwa tumeshazisikia. Jua likaanza kulegea. Mwishoni mama aliinuka, akafungua kamba ya zamani ili amvalishe mpya. Ng'ombe hakungoja. Aliondoka taratibu, akapita kando ya shamba la muhogo, akaingia boma la jirani kama mtu anayerudi kwake. Tulimkuta mwanamke ameshika kibuyu cha maziwa.

"Leo umechelewa, wewe!" alimwambia ng'ombe. Kisha akatugeukia. "Mmeshamaliza naye?"

Baba mdogo alikuwa amesimama nyuma yetu. Mama hakupaza sauti.

"Wetu yuko wapi?"

"Alikufa, shemeji. Kabla binti hajaanza chuo. Ulikuwa umetoka kumzika ndugu yangu, ningekuambiaje?"

Hadi leo sijui kama alikufa au aliuzwa. Kila jibu ninalolishika linayeyuka.

Nilimsogelea yule ng'ombe wa watu. Akaweka kidevu begani mwangu, mahali pake pa siku zote, na pumzi yake ilikuwa na joto lile lile.

Njiani mama alikuwa ameizungusha kamba mpya mkononi kama bangili.

"Ulikuwa ukimwambia nini kila siku?" aliuliza.

"Habari za baba."

Mama aliihamishia kamba mkono wa pili.

"Hata mimi nilikuwa nikimwambia," akasema.