Nilimtoa Mama Ilunga kwenye Group, Sasa Namwogopa Mume Wangu

Admin, nifiche. Majina nimebadilisha, maana humu pia hamkosi macho ya watu.

Mimi ni mama wa miaka 36, naanika chisense, wale dagaa wetu, kwenye mchanga wa Kashikishi, kando ya ziwa. Kuna tajiri anautaka mchanga huo ajenge hoteli. Zamani tungenong'onezana tukiwa tumeinama kuchambua samaki, na siri ingeishia hapo. Safari hii tukafungua group la WhatsApp. Tukawa wengi, mpaka wanawake wa Kilwa, kisiwa cha humu ziwani kwetu, wakaingia. Nikajiona kiongozi kwelikweli.

Basi tukipanga kukaa mchangani saa mbili asubuhi kumzuia, vijana wa tajiri wanafika saa moja na kuweka uzio palepale tulipopanga. Mara tatu! Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema, na macho yangu yakaenda kwa Mama Ilunga, kwa sababu ni Mkongomani na alionekana akiongea na dereva wa tajiri. Nikamtoa kwenye group na nikaandika sababu, wote wakasoma.

Alinifuata mchangani akilia. "Miye njo nilikufundisha kuanika samaki, leo unanitosha mu groupe bila hata kuniuliza? Haina miye! Mungu iko anaona."

Niliendelea kugeuza samaki wangu. Nilikuwa na kiburi, nakiri.

Wiki iliyofuata tukapanga tena, yeye hayumo. Vijana wakatutangulia tena. Hapo ndipo nilipokumbuka simu zetu hushinda wapi.

Ndugu zangu, sisi wote tunachajisha simu kwenye kibanda cha mume wangu. Tunaziacha asubuhi bila kuzifunga kwa namba ya siri, ili mteja wa samaki akipiga, mume wangu apokee atuitie. Ndiyo desturi yetu, hakuna aliyewahi kuiwazia mabaya. Kwa hiyo kila tulichoandika kilikuwa kinashinda mezani kwake.

Na juzi kaleta sola mpya kubwa. Anasema kapewa na kaka yake. Nilimpigia shemeji, akaniuliza, "Sola gani?"

Nikamwuliza mume wangu taratibu kama huwa anasoma simu za watu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema tu, akiniita kwa jina la mwanetu, "Bana Mwape, hiyo siasa yenu ya kwenye simu itakuvunjia nyumba."

Ushahidi sina. Labda namwonea kama nilivyomwonea Mama Ilunga. Lakini sasa akinitabasamia namtazama mara mbili.

Jumamosi wanawake wanakutana kumfukuza Mama Ilunga mchangani, arudi kwao ng'ambo ya ziwa na jina la msaliti. Nikimtaja baba wa wanangu, wana hasira ya kuchoma kibanda. Nikinyamaza, mwanamke aliyenifundisha kazi inayonilisha anaondoka kwa uongo wangu. Wote watanigeukia mimi, kwa kuwa ndiye niliyeanza. Niambieni ndugu zangu, nitaje jina la nani?