Wifi Honi na Bushi za Mbele

Wifi yangu, dada wa mume wangu, mtaa mzima unamwita Honi. Honi ya gari lake ilikufa siku nyingi, naye hakuona sababu ya kununua nyingine wakati koo analo. Akikaribia kona anatoa kichwa dirishani: "Pisha! Pishaaa! We mwenye ndoo, huna masikio?" Na watu wanapisha. Hata trafiki mmoja aliwahi kumpisha, akabaki anajishangaa.

Habari zake naziandika mimi kwa sababu wapo wanaozisimulia vibaya. Wanasema Honi ana kiburi, Honi haambiliki, Honi hafai kukaa na watu. Nimekaa naye ua mmoja tangu nilipoolewa na kaka yake. Chumba chake kiko nyuma ya jiko langu na tunagombania kamba moja ya kuanikia nguo. Kama kuna mtu mwenye haki ya kumsema, ni mimi, na wengine wangoje nimalize.

Alianza kazi kwenye kiwanda cha mikate akiwa msichana wa kufunga mikate kwenye karatasi. Siku moja dereva hakutokea. Mikate ya moto imejaa mlangoni, wakubwa wameshika viuno, kila mmoja anamtazama mwenzake. Honi akapanda garini. Kuendesha alikuwa amejifunza kwa kutazama, na kwa kusogezasogeza magari uani wakati madereva wanakunywa chai. Alirudi jioni na kreti zote tupu na taa moja imevunjika. Kesho yake wakamwambia apande tena. Baadaye akaolewa. Mume akamwambia achague, yeye au usukani. Honi akajibu kwamba anachagua chenye breki. Mpaka leo akilikumbuka hilo anacheka mpaka anakohoa.

Siku hizi anaendesha gari lake mwenyewe, lile la bodi lililofungwa kama kabati, lenye milango miwili nyuma. Ni la zamani. Likiwashwa kuku wa jirani wanakimbia, lakini linawaka. Anabeba mikate ya kiwanda kilekile, anasambaza maduka yote kuanzia darajani mpaka hospitali. Wenye maduka wanamfungulia mlango kabla hajazima injini.

Sasa mwaka huu gari likaanza kugonga. Kila shimo, kila tuta, mbele kunasema kodo, kodo, kama mtu anayebisha hodi asitake kuingia. Usukani ukawa unavuta kushoto. Matairi ya mbele yakalika upande wa ndani kama sabuni ya kufulia. Kwa mikate hayo yote yalivumilika. Balaa lililetwa na keki. Kiwanda kimeanza kutengeneza keki za sherehe, na keki haina subira ya mkate. Mara mbili Honi alifikisha keki imelala ubavu. Msimamizi wa usambazaji, kijana mwenye shati lililopigwa pasi mpaka linakata, akamwambia mbele ya wapakiaji, "Mama, Ijumaa mchana nakuja kwako, nipande mwenyewe na keki mkononi. Likigonga, njia yako nampa mwenye gari jipya."

Siku hiyo Honi alirudi bila kupiga kelele hata kwenye kona. Nikajua kuna jambo.

"Wifi, umemeza nini?" nikamuuliza.

"Nimemeza maneno ya mtoto."

Akanieleza. Sikuwa na la kumcheka. Wanawake wa umri wetu ukiwanyang'anya usukani hakuna atakayewapa mwingine. Angebaki humu uani, mimi na yeye na kamba moja ya nguo, asubuhi mpaka jioni. Tungeuana.

"Lipeleke gereji," akasema mume wangu kutoka kwenye kiti chake, redio mapajani.

"Gereji, kaka? Mara ya mwisho waliniuzia matairi, nayo yameshalika. Ugonjwa si matairi. Ni bushi, na nitanunua mpya, nizibadilishe mwenyewe hapahapa."

Bushi, kwa asiyezijua, ni kipande cha raba nene kilichovikwa chuma nje na chuma ndani, kama kizibo chenye tundu katikati. Zinakaa pale mkono wa chuma unaoshika gurudumu unapoungana na mwili wa gari. Raba ikiwa nzima, gurudumu linapanda na kushuka na wewe huna habari. Ikichakaa, chuma kinapiga chuma.

Alhamisi aliporudi kutoka kazini akaliingiza gari upande wangu wa ua, maana upande wangu una sakafu ya saruji na wake ni vumbi. Hakuomba. Akazuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, akalegeza nati, akapiga jeki, akaliegemeza gari juu ya stendi mbili za chuma za kuazima. Halafu akalisukuma kwa bega, upande huu na upande ule, kuona kama litatikisika.

"Unataka kuliangusha?" nikauliza.

"Kama ni la kuanguka lianguke sasa, sijalala chini yake."

Hapo nikamheshimu kidogo.

Kutoa ule mkono wa chuma ndiko kulikotutoa jasho. Bolti zilikuwa zimeshikana na kutu kama ndugu wa damu. Honi alichomeka bomba refu kwenye mpini wa spana, mimi nikaambiwa nivute.

"Shika bomba, wifi! Bomba, siyo mkono wangu!"

"Mkono wako una kutu kuliko bomba."

"Mnazungusha kinyume," akasema mume wangu.

"Kaka, unaona nini na wewe umetupa mgongo?"

"Nasikia."

"Basi sikiliza redio."

Mume wangu ni seremala aliyestaafu, na meza yake ya kazi bado ina jiliwa, lile bano la chuma la kushikilia mbao. Tukaweka mkono wa chuma ndani ya jiliwa, kipande cha bomba upande huu, soketi upande ule, Honi akawa anakaza. Bushi ya zamani ikatoka ikilia kama bawaba ya kabati. Raba yake ilikuwa imepasukapasuka, ukiifinya inatoa unga mweusi. "Tazama kilichokuwa kinanitukana," Honi akasema, akaitupa.

Mimi ni fundi cherehani, na jicho langu haliachi kutafuta uso wa nguo na nyuma ya nguo. Honi aliponionyesha upande wa bushi mpya unaotakiwa kutazama mbele, nikachukua chaki yangu ya kukatia, nikachora mstari mmoja mnyoofu kwenye uso wa kila bushi, kuanzia chuma cha ndani, juu ya raba, mpaka chuma cha nje.

"Unazipamba?"

"Naweka alama ya uso. Usije ukalivalisha gari kinyume."

"Wewe na vitambaa vyako!"

Lakini hakuifuta. Tukazipaka maji ya sabuni ubavuni, mbali na chaki, ili zitelezee ndani, sabuni yangu ya vyombo, nusu chupa, nayo hakuomba. Upande wa kwanza ukaisha, tukahamia wa pili, na huo ulikwenda mbio maana tulishajua pa kutukania.

Sasa Honi ana sheria yake moja. Enzi zile za mwanzo aliwahi kumwaga kreti barabarani kwa sababu ya kamba iliyolegea, mikate ikaliwa na mbuzi, na tangu hapo kwake hakuna kinachoshuka wala kuondoka kikiwa legelege. Kwa hiyo gari likiwa bado juu, magurudumu yananing'inia, alikaza kila bolti ya bushi kwa nguvu zake zote, ananing'inia kwenye bomba kama nguo. Ndipo akalishusha. Tukaenda kulala, mikono inanuka grisi.

Ijumaa aliwahi kurudi, na nilipotoka nilikuta gari limeinua pua kama mtu aliyesikia harufu mbaya. Amelizungusha mtaani, amerudi anatabasamu.

"Kugonga hakuna!"

"Na hiyo kwikwikwi ninayoisikia?"

"Ni upya. Viatu vipya havibani?"

Nikachukua tochi, nikapiga magoti mbele ya gurudumu, magoti yangu haya yasiyopigwa kwa ajili ya mtu yeyote, nikachungulia. Mstari wangu wa chaki niliouchora mnyoofu ulikuwa umelala, kama mshono uliovutwa.

"Wifi, raba imesokotwa."

"Imekazwa."

"Imekazwa ikiwa imesokotwa. Ukimpima mtu sketi amekaa, akisimama inamvuta. Wewe umelipima gari likiwa linaning'inia hewani. Sasa limesimama kwa miguu yake, na nguo inalivuta. Raba hiyo itachanika kabla hujazoea ukimya wake."

"Cherehani haina matairi, wifi. Toka hapo, msimamizi anakuja."

"Sitoki."

"Wifi!"

Nikavuta sanduku lake la spana, nikakaa juu yake. Mimi nikikaa, nimekaa. Honi akanizunguka huku, akanizunguka kule, akasema nina wivu, akasema nimezeeka, akasema hata kaka yake alionywa kabla ya kunioa. Nikamwambia kaka yake hakuonywa, alibembelezwa.

"Si mlegeze tu mwone?" akasema mume wangu.

"Nyamaza!" tukamjibu kwa pamoja.

Halafu tukatazamana. Honi akashusha pumzi, akanyoosha mkono. Nikanyanyuka kidogo tu, akachomoa spana.

Safari hii gari lilikuwa chini, uzito wake wote kwenye magurudumu. Honi akajiingiza chini chali, akalegeza bolti ya kwanza. Raba ikajirudi yenyewe, ta! Akalegeza nyingine, ta! Upande wa pili vilevile, na pua ya gari ikashuka taratibu mpaka usawa wake. Tukalisukuma chini na kuliachia, chini na kuliachia, likae linavyotaka. Honi akarudi chini na tochi yangu.

"Wifi."

"Naam."

"Mstari umenyooka."

"Mimi sichori mstari uliopinda. Kaza."

"Usinifundishe kukaza."

Alikuwa kwenye bolti ya mwisho msimamizi alipoingia na boksi la keki. Honi akatoka chini ya gari kinyumenyume, akasimama, akajipangusa mikono kwenye khanga yangu niliyoianika. Siku nyingine tungegombana. Nikaiacha khanga.

Mimi nilipanda nyuma bila kualikwa, nikakaa juu ya kreti iliyogeuzwa, karibu na kidirisha cha kuchungulia mbele. Msimamizi akakaa mbele, boksi mapajani, kifuniko kimefunguliwa. Honi akatoka getini, akapita kwenye lile tuta la shule lililomshinda kila dereva, kisha kwenye mashimo ya karibu na kisima. Mimi nilikuwa nasikiliza kwa makalio. Hakuna kilichogonga. Gari lilipanda na kushuka kama mtu anayepumua usingizini.

"Mama, endesha kama kawaida yako," msimamizi akasema.

"Kawaida yangu?" Honi akatoa kichwa nje. "Pishaaa! Baba mwenye baiskeli, barabara si sebule yako!"

Msimamizi akaruka. Keki ikateleza, akaidaka kwa viganja vyote viwili na kidevu. Ikabaki nzima, isipokuwa yeye alikuwa na krimu kwenye tai.

"Hiyo si bushi," nikamwambia kutoka nyuma.

Akajifuta kwa leso, akasikiliza kona mbili nyingine. "Usukani bado unavuta kidogo."

"Ukishagusa huko mbele lazima magurudumu yapimwe upya," Honi akasema. "Nalipeleka jioni hii. Nilikuwa namngoja mwenye keki atoke njiani."

Kijana akatazama keki, akamtazama Honi, akafunga boksi.

"Sawa, mama. Njia ni yako. Kesho alfajiri kama siku zote."

Tulimshusha kiwandani. Njia nzima ya kurudi Honi hakumpigia kelele mtu yeyote, hata mbuzi waliolala katikati ya barabara aliwangoja waamke. Uani akazima injini, akaingia chumbani kwake, nikasikia anapenga kamasi kwa muda mrefu. Alipotoka alikuwa na ufagio. Akafungua milango ya nyuma ya gari, akaanza kufagia makombo.

"Wifi," akasema bila kugeuka, "vitambaa vyangu vya kufunikia kreti vimejaa mafuta. Haviwezi kukaa na keki."

"Vipya unavitaka lini?"

"Si umesikia? Napakia alfajiri."

Kwenye cherehani kulikuwa na gauni la mteja, limebaki mkono mmoja. Nikalitoa, nikaliweka pembeni.